Kubana Pumzi

Hapa Burlington, Vermont, mwezi wa Januari jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Navaa soksi jozi mbili, nasogeza kiti karibu na hita, nasoma chochote kisichohusu tasnifu yangu.

Ndivyo nilivyokutana na Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, si mbali na hapa. Mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu, alimpa hadubini. Mwaka 1885 akafanikiwa kupiga picha ya chembe moja ya theluji, na kabla hajafa mwaka 1931 alishapiga zaidi ya 5,000. Alifanya kazi kwenye baridi ileile ya nje, akizisogeza chembe kwa unyoya huku amebana pumzi, kwa sababu joto la pumzi tu lingeziyeyusha.

Mama hunipigia saa nne usiku. Kwake Moshi ni saa kumi na mbili asubuhi. Baba tulimzika Oktoba. Yaani, wao walimzika. Mimi nilitazama kwenye simu. Tangu hapo tunaongea kuhusu hali ya hewa.

Theluji ya Kilimanjaro ameitazama maisha yake yote, hajawahi kuigusa. Juzi aliniuliza ikoje. Nikatoka nje, nikakinga glovu nyeusi, nikaisogezea kamera.

"Mbona sioni kitu, mwanangu?"

Nilikuwa nimeipumulia. Nikakinga tena, nikabana pumzi. Mama akanyamaza muda mrefu.

"Kumbe ni nyota," akasema. "Baba yako angeuliza wanaiuza shilingi ngapi."