Taa za Nyuma

Ziko kazi ambazo faida zake humrudia azifanyaye, na ziko nyingine ambazo faida zake humwendea mtu asiyejulikana. Kutengeneza nyaya za taa za tela ni kazi ya namna hii ya pili. Dereva hazioni taa zake za nyuma. Hata zikizimika zote, trekta lake huvuta kama lilivyovuta jana. Azihitajiye ni yule anayemfuata gizani.

Niliitazama kazi hiyo kwa makini katika Litumbandyosi, Wilaya ya Mbinga, wakati wa mavuno ya mahindi. Trekta lilitoka shambani likivuta tela lililojaa magunia, na nyaya za tela zilikuwa zimeburutwa njiani mpaka maganda yake yamechunika. Taa moja iliwaka hafifu. Na kila dereva alipotoa ishara ya kukata kushoto, taa ya breki nayo ilimetameta. Watazamaji wengi walishauri zinunuliwe taa mpya. Fundi, mzee wa maneno machache, alisema, "Taa hazina kosa, wanangu. Umeme umekosa njia ya kurudi."

Maneno hayo yana elimu. Umeme hauendi tu. Sharti urudi betrini. Katika kebo ya nyaya saba, kwa rangi zinazofuatwa na wengi, waya wa njano ni wa ishara ya kushoto, kijani ni wa ishara ya kulia, mwekundu ni wa breki, mweusi na kahawia ni wa taa ndogo za kushoto na kulia, na buluu ni wa taa ya ukungu. Sita hizi hupeleka umeme; mweupe peke yake, ambao mafundi huuita ethi, huurudisha. Ukikatika mweupe au kushikwa na kutu, umeme hutafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine, na kwa hiyo taa isiyoitwa huitika.

Mzee hakuanza kwa kukata. Aliigusisha taa ndogo ya kupimia katika soketi ya trekta, tundu baada ya tundu. Umeme ulipoonekana kamili, alijua kuwa ubovu uko upande wa tela. Kisha alivuta waya kutoka ncha hasi ya betri mpaka kwenye chuma cha tela, na taa zote zikawaka sawasawa. Ndipo alipokwangua kutu, akaondoa sehemu zilizochunika, akaunganisha rangi na rangi kwa lehemu, akafunga utepe kila kiungo peke yake, akazipitisha nyaya ndani ya mpira. Aliacha ulegevu wa kutosha kukata kona, lakini usiotosha kugusa ardhi. Mtu mmoja alimletea kipande cha waya mnene akiweke mahali pa fyuzi iliyoungua. Alikikataa. Fyuzi, alieleza, ni dhaifu kwa makusudi: huungua yenyewe ili nyaya zisiungue.

Mwenye mzigo alinung'unika kuwa jua linakuchwa na mnunuzi anangoja. Manung'uniko yake yalikuwa na haki, maana mahindi yale yalikuwa riziki yake ya mwaka. Walakini tangu makaa ya mawe ya Ngaka yalipoanza kuchimbwa mwaka 2011, malori mazito yamezidi katika barabara za wilaya hiyo, na lori lenye shehena likiteremka kilima halisimami upesi. Trekta lisilo na taa mbele yake ni sawa na jabali katikati ya njia.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni wa mmoja, na ukuta humwangukia mwingine. Sheria inaweza kumtoza faini dereva, lakini askari hawezi kusimama katika kila kilima usiku. Kwa hiyo usalama wa anayefuata umewekwa mikononi mwa anayetangulia, na ajuaye kuwa anafuatwa hana udhuru wa kusafiri gizani bila taa.