Umeme Huu ni wa Nani?

Jioni moja binti yangu alikuwa akifanya hesabu zake za shule nyumbani kwetu Munuki, hapa Juba, mara taa ikazimika. Uniti tulizonunua zilikuwa zimekwisha, nao mshahara wangu ulikuwa haujatoka. Akauliza gizani, "Baba, umeme huu ni wa Serikali au wa kampuni?" Mimi niliyesomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, nilikosa jibu la haraka.

Kwa miaka mingi tulizoea mshumaa, na wenye uwezo walinguruma na jenereta zao. Mwezi wa Novemba 2019 kilizinduliwa kituo cha megawati 33 kilichojengwa na kampuni binafsi ya Ezra, na kazi ya usambazaji ikashikwa kwa ubia baina ya kampuni hiyo na shirika la umeme la Serikali. Basi, umeme wetu ni wa wote wawili. Lakini mitambo hiyo hula mafuta. Nchi yetu huchimba mafuta ghafi, ilhali sehemu kubwa ya mafuta yaliyosafishwa hutufikia kwa malori kutoka Mombasa, kupitia Uganda hadi Nimule. Gharama ya safari hiyo humwangukia mnunuzi, mwenye kampuni awe nani.

Majirani zetu wamejaribu njia zote mbili. Tanzania ilikabidhi uendeshaji wa TANESCO kwa kampuni ya Afrika Kusini kuanzia mwaka 2002 hadi 2006. Mwaka huo wa 2006 ukame ukaleta mgao mkali; mvua haikuuliza nani mkuu wa shirika. Uganda nayo iliipa kampuni ya Umeme usambazaji mwaka 2005, na miaka 20 ilipotimia, Machi 2025, ikaurudisha mikononi mwa shirika la umma.

Kesho yake nilimsimulia jirani yangu, askari polisi. Akacheka kwa uchungu: "Mwalimu, nalinda mji usiku kucha, kumbe kwangu ni giza. Mshahara huchelewa, na mita haikopeshi."

Hapo ndipo nilipopata jibu. Mwenye mtaji na alete mitambo, lakini Serikali haina budi kusimamia bei na kuyatumia maji ya Nile, ambayo hayaagizwi kwa malori. Zaidi ya hayo, iwalipe watumishi na askari wake kwa wakati, kwa maana umeme wa kulipia kabla haununuliki kwa mshahara unaolipwa baadaye.

Nasi wenye nyumba tuna wajibu wetu. Mimi na mama watoto tumekubaliana kwamba uniti zikipungua, pasi na jokofu vitangulie kupumzika. Taa ya mtoto asomaye ndiyo itakayozimwa mwisho. Nikamwambia binti yangu, "Mwanangu, umeme ni wa yule unayemwangazia daftari." Akaitikia, "Basi, Baba, bado si wangu."