Zagayu: Kijiji Tulivu, Dunia Karibu

Jioni za kiangazi huko Zagayu, pamba ikiwa imekwisha kuchumwa, ng'ombe hurudi zizini kwa vumbi. Kata hii iko wilayani Itilima, mkoani Simiyu, ingawa wazee wengi bado husema Bariadi, kwa kuwa Itilima ilimegwa humo. Mashariki ya wilaya ni Pori la Akiba Maswa, na ng'ambo yake Serengeti.

Watalii wengi huipita Simiyu wakikimbilia lango la Ndabaka. Lakini yupo msafiri ambaye nchi hii humfaa sana: mwendesha redio wa ridhaa. Huyu hatangazi muziki wala habari. Huita hewani kwa jina linaloanza na 5H, alama ya Tanzania, na kusubiri ajibiwe na mtu asiyemjua.

Mwaka 2016 chama cha waendeshaji hao Marekani, ARRL, kiliadhimisha miaka 100 ya idara ya hifadhi za taifa za nchi hiyo kwa kuwaalika watu warushe mawimbi wakiwa hifadhini. Mwaka ulikwisha, hamu haikwisha. Leo mchezo huo unaitwa Parks on the Air, na anayetoka bustanini hana budi kuwasiliana na watu 10 ili safari ihesabiwe.

Vifaa ni vichache: redio ndogo ya wati 5, betri, na waya wa mita 10 hivi uliotundikwa mgungani. Mjini waya huo hunasa kelele za chaja, taa na mashine. Huku, mbali na nguzo za umeme, hata sauti dhaifu husikika.

Tatizo ni saa. Jua linapozama ndipo mawimbi mengi husafiri vizuri, na ndipo tembo nao huanza kutoka porini kufuata mazao. Familia za Simiyu zimekesha mashambani kwa sababu yao. Kwa hiyo mgeni mwenye busara hakai mpakani gizani. Hutundika waya wake uani kwa mwenyeji, karibu na watu.

Tena, mtu mwenye betri, nyaya na redio karibu na pori huweza kudhaniwa ni mshirika wa majangili. Leseni ya TCRA iwe mfukoni, mtendaji wa kijiji aarifiwe kwanza, na anayetaka kuingia hifadhini aombe ruhusa ya wahifadhi. "Mwangaluka" ya asubuhi kwa wazee nayo hufungua milango mingi.

Asiye na leseni aanze kwa kusikiliza. Kwa redio ya masafa mafupi yenye SSB, mtoto ataweza kutafuta 14.100 MHz. Hapo vituo 18 vya dunia vimepangiwa zamu, na kila kimoja hurudi baada ya dakika 3. Hutuma jina lake kwa alama za Morse, kisha milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa mwisho kwa sehemu ya kumi ya wati moja.

Kipo cha Kenya, 5Z4B, na cha Finland, OH2B. Mtoto asishangae cha Finland kikisikika na cha Kenya kikapotea. Mawimbi hupanda juu, yakagonga tabaka la anga na kushuka mbali, yakimruka jirani. Akiuliza kwa nini, safari imelipa.