Kila Saa Nane

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliwaita wananchi wakusanyike katika vikundi, wawashe redio, wasome kijitabu, kisha wajadiliane kuhusu malaria, kichocho, safura na kuhara. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya, na takriban watu milioni 2 walishiriki. Kipindi kilipokwisha hawakuishia kupiga makofi. Walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Huwakumbusha wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, kwa sababu yote yalifanywa kwa Kiswahili, wakati istilahi zetu zilikuwa chache kuliko leo na wengi wa wasikilizaji ndio kwanza walikuwa wakijifunza kusoma.

Leo ingia hospitali yoyote ya mjini. Faili la mgonjwa limeandikwa kwa Kiingereza. Majibu ya maabara ni Kiingereza. Ile karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ni Kiingereza, na pengine Kifaransa nyuma yake. Mwenye mwili ndiye pekee asiyejua kilichoandikwa kuhusu mwili wake.

Nina shangazi mwenye kisukari. Mwaka jana alipata kidonda mguuni, akaandikiwa antibayotiki. Kijana wa dirisha la dawa alikuwa mpole na mwenye heshima. Aliandika kwenye bahasha kwa Kiingereza, kisha akafasiri kwa mdomo: "Mama, kimoja kila saa nane." Shangazi akaitikia. Alipofika nyumbani alimpa bahasha mjukuu wake wa kidato cha tatu aisome tena ili awe na hakika, naye mjukuu akasoma, akafasiri kama alivyofundishwa: "Kila saa nane, bibi." Basi shangazi akameza kidonge saa nane mchana, akatega kengele ya simu, akaamka saa nane usiku akameza kingine. Alifanya hivyo siku tatu bila kukosa. Muuguzi aliyekuwa akimsafisha kidonda ndiye aliyemuuliza anavyomeza, ndipo ikajulikana kwamba dozi tatu za kutwa zimekuwa mbili.

Nani amlaumu? Katika Kiswahili cha kila siku saa nane ni saa nane. Maneno mawili tu, "baada ya", yangeondoa utata wote, na zaidi ya hayo angeweza kutajiwa nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Lakini tafsiri ya papo kwa papo, yenye foleni ndefu nyuma yake, haina nafasi ya kufikiri hivyo. Wataalamu wetu husomea dawa kwa Kiingereza miaka kadhaa, kisha tunawaachia wabuni Kiswahili chake dirishani, kila mtu na chake.

Yule mjukuu naye ana lake la kutufundisha. Katika baiolojia anafanya vizuri. Anaweza kuchora njia ya chakula tumboni na kutaja kila kiungo kwa Kiingereza. Nilipomuuliza kwa nini bibi yake apunguze ugali, alinyamaza. Shule ya msingi alifundishwa vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Alipoingia kidato cha kwanza akapewa majina mapya ya mambo yaleyale, na hakuna aliyemwonyesha kwamba ni yaleyale. Kwa hiyo katika nyumba ile sukari ilikuwa sukari ya kwenye chai tu. Shangazi alikunywa chai isiyo na sukari, kwa fahari kabisa, na chapati nne.

Madaktari rafiki zangu huniambia kwamba Kiingereza kina usahihi wa kitaalamu. Sibishani nao inapohusu barua ya daktari kwa daktari mwenzake. Bahasha ya dawa si barua ya daktari. Na hoja hiyohiyo ilitolewa kwa miaka mingi kuhusu mahakama, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Kama mshtakiwa anastahili kuelewa hukumu yake, mgonjwa je?

Sisemi kazi ni nyepesi. Chukua neno "hasi". Mwambie mtu kwamba kipimo chake ni hasi, na uso wake utakunjamana, kwa sababu sikioni mwake neno hilo halina heri. Kumbe umempa habari njema. Ni bora aambiwe kwamba ugonjwa haukuonekana. Kazi hii inawahitaji BAKITA, Wizara ya Afya, wafamasia, na hasa wauguzi, ambao ndio wamekuwa wakalimani wa nchi hii bila posho.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wa mwaka wa pili karatasi ya dawa ya kawaida ya maumivu, waiandike upya kwa ajili ya mtu aliyeishia darasa la saba. Wiki ya tatu sasa wamekwama kwenye kichwa cha habari kimoja. Nusu yao wanataka "madhara ya dawa". Wengine wanasema neno hilo litamfanya mtu aitupe dawa jalalani, wanataka "maudhi madogo madogo", kama kliniki za uzazi wa mpango zinavyosema. Mmoja, ambaye mama yake ni muuguzi, ameuliza tutamwambiaje basi yule ambaye maudhi yake si madogo. Wameomba wiki nyingine moja, na nimewapa.