Kibali Chenye Jina la Mwajiri



Tunapobaki kuzungumza baada ya mafundisho ya Jumamosi, swali linalorudi mara nyingi halihusu katekisimu. Ni hili: nikimaliza masomo ya ualimu, je, niende kufundisha nchi za nje? Hatushangai kulisikia. Sisi tunaowafunza walimu hapa Likasi tunawajua vijana wengi wenye diploma nzuri wanaofundisha mwaka baada ya mwaka bila majina yao kuingia katika orodha ya mishahara ya Serikali. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za umma hailipiwi tena na wazazi, na jambo hilo limewaingiza watoto wengi darasani. Lakini mwalimu mpya ambaye Kinshasa haijamhesabu bado anakula kwa mkopo. Basi, anayeitazama barabara ya Kasumbalesa hatumwiti msaliti.

Hata hivyo, katika swali hilo tunaona pengo. Wote huuliza namna ya kwenda. Ni nadra sana kumsikia anayeuliza: nikishafika, na kazi ikawa mbaya, nitaiachaje ili nishike nyingine? Kwa maana hapa nyumbani mwalimu akigombana na prefe wake, anavuka mtaa, anabisha hodi kwenye shule nyingine, na Jumatatu inayofuata yuko darasani. Ugenini mambo hayaendi hivyo, na tungependa mlijue jambo hilo kabla ya kupanda kamyo.

Tumfikirie kijana mmoja tuliyemfunza sisi wenyewe. Jina lake tunaliacha, kwa sababu mama yake anasali parokia moja na wengi wenu. Alisoma Kifaransa pamoja na isimu ya lugha za Kiafrika, akafundisha hapa mjini miaka minne kwa michango ya wazazi, kisha akapata shule ya binafsi nchini Tanzania iliyohitaji mwalimu wa Kifaransa. Alipita Kasumbalesa, akavuka Zambia yote hadi Nakonde, akaingia Tunduma. Shule ilimtimizia karatasi zake zote, na kwa mwaka mmoja alimtumia mama yake fedha kila mwezi. Mwaka wa pili mishahara ikaanza kuchelewa: mwezi mmoja, miwili, hatimaye minne. Wakati huohuo shule nyingine, ya mkoa wa mbali, ikamwita na kumwahidi malipo mazuri zaidi. Alitupigia simu usiku. “Papa Mwalimu,” alisema, “nimeshafunga mizigo, kesho naondoka.” Tukamwomba atusomee kibali chake cha kazi, polepole, neno kwa neno. Alipofika mahali palipoandikwa jina la shule, akanyamaza.

Hapo ndipo fundo lilipo. Tanzania Bara hutumia Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kabla ya sheria hiyo vibali vilitolewa na ofisi zaidi ya moja. Tangu hapo Kamishna wa Kazi ndiye anayetoa kibali cha kazi, na Idara ya Uhamiaji inatoa kibali cha ukaazi. Ni karatasi mbili, na ya pili huifuata ya kwanza. Anayeomba kibali cha kazi ni mwajiri. Kibali hutaja mwajiri huyo na kazi hiyo, wala hakihamishiki. Kama ilivyoandikwa mwaka ule, sheria ilikipa muda wa miezi 24, kikaweza kuhuishwa hadi jumla ya miaka 5. Tena sheria iligawa vibali kwa madaraja: walimu wa sayansi na hisabati waliwekwa katika daraja B, pamoja na waganga na wataalamu wa mafuta na gesi, kwa sababu nchi ilikiri kuwahitaji, mwalimu wa Kifaransa huangukia daraja C, la kazi nyinginezo. Vijana mnaochagua sasa kati ya fizikia na lugha, tofauti hiyo mnapaswa kuijua, ingawa sisi wa lugha tunaisema kwa uchungu kidogo.

Kwa maneno mengine, kijana wetu hakuwa na ruhusa ya kufundisha Tanzania. Alikuwa na ruhusa ya kufundisha katika shule ile. Kama angesimama mbele ya wanafunzi wa shule ya pili siku ya pili yake, angekuwa mfanyakazi asiye na kibali, hata kama pasipoti yake ilikuwa na mihuri mizuri kuliko yetu. Na kama angeamua kwenda Zanzibar angekuta utaratibu mwingine kabisa, maana sheria ile ya 2015 haifiki visiwani. Zambia nako, ambako ndugu zetu wengi wanafundisha Kifaransa katika miji ya shaba iliyo jirani nasi, kibali cha ajira humfunga mtu kwa mwajiri wake. Na mwalimu hana budi kuandikishwa na Baraza la Walimu lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Wengine watatuambia: je, hatukujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki? Ni kweli. Wakuu wa nchi waliikubali Kongo tarehe 29 Machi 2022, mkataba ukatiwa sahihi tarehe 8 Aprili, na ilipofika Julai tulikuwa wanachama kamili. Jumuiya hiyo ina Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 1 Julai 2010, na ndani yake wafanyakazi wameahidiwa kusafiri na kuajiriwa katika nchi wanachama. Lakini kila nchi iliambatisha orodha yake ya kazi inazozifungulia mlango na tarehe ya kuzifungulia, na hata mfanyakazi aliyemo katika orodha huomba kibali. Kuvuka mpaka bila tabu ni jambo moja. Kufanya kazi ya mshahara upande wa pili ni jambo lingine.

Hatuandiki haya ili kuzilaumu nchi za wenyeji. Kila nchi ina vijana wake waliosoma ualimu na kukosa ajira, na ina haki ya kuwatazama hao kwanza. Kongo pia hufanya hivyo: mgeni anayekuja kuajiriwa hapa kwetu anahitaji kadi ya kazi ya wageni, na ukiwauliza wageni walioko katika migodi inayotuzunguka watakueleza habari zake. Tunachokipima ni kitu kingine. Karatasi inapobeba jina la mwajiri mmoja, mwajiri huyo hupata nguvu ambayo sheria haikukusudia kumpa. Anajua kwamba ukiondoka utaanza upya, pengine kwa kurudi kwenu. Kwa hiyo anaweza kuchelewesha mshahara na kukuongezea vipindi, halafu akaiweka pasipoti yako katika kabati lake “kwa usalama”. Nawe utasema ndiyo, bwana. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kuiacha nchi yake kutafuta maisha na ana haki ya kuirudia, na kwamba ugeni wake usigeuzwe nafasi ya kumnyonya. Maneno hayo tumeyasoma mara nyingi katika mikutano yetu, nasi tulidhani yanahusu watu wa viwanda vya Ulaya.

Na fundo linaweza kulegezwa. Huko Oman, ambako wako watu wengi wanaosema Kiswahili, hadi mwisho wa mwaka 2020 mfanyakazi mgeni aliyetaka kumwacha mwajiri wake alihitaji barua ya kutopingwa. Akiikosa, alitoka nchini na kukaa miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kurudi kufanya kazi. Tangu 1 Januari 2021 anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine mkataba wake unapokwisha, bila kuomba barua hiyo. Qatar ilikuwa imetangulia kwa sheria ya mwaka 2020: mfanyakazi hutoa taarifa ya mwezi 1 ikiwa hajapitisha miaka 2 kazini, au miezi 2 ikiwa amepitisha, kisha anahama. Mabadiliko haya hayakuzifanya nchi hizo kuwa paradiso, na kati ya sheria iliyoandikwa na ofisi inayoitekeleza kuna mwendo mrefu. Lakini mwajiri akijua kwamba mtu wake anaweza kuondoka, huanza kuikumbuka tarehe ya mshahara.

Turudi kwa kijana wetu. Usiku ule mizigo ilifunguliwa. Jambo la kwanza lilikuwa kutoondoka kimya. Kwa kuwa mishahara minne ilikuwa deni, na deni hilo lingebaki halali hata kama angehama, alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo Watanzania huiita CMA. Huko anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri. Malalamiko mengine, kama hayo ya mshahara, yana siku 60. Halipishwi ada. Tena anaelezwa kwa Kiswahili! Tunalisema hili kwa furaha kidogo, kwa sababu wako wenzetu wanaokicheka Kiswahili cha Katanga, nacho siku hiyo, pamoja na “ile” na “bale” zetu zote, kilimfikisha mbele ya msuluhishi na akaeleweka. Shule ilikubali kulipa kwa mafungu mawili.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kwa kijana: kungoja. Shule mpya ilipaswa kumwombea kibali chake yenyewe tangu mwanzo, pamoja na vyeti vilivyotambuliwa: cha chuo kwa Tume ya Vyuo Vikuu, na cha sekondari kwa Baraza la Mitihani. Diploma yetu ya Serikali na ile graduat ya zamani ya miaka 3 hazifanani na vyeti vyao, na kuzieleza kulichukua barua nyingi. Alimaliza mkataba wa kwanza, akarudi Likasi, akakaa karibu miezi mitatu nyumbani kwa mama yake. Majirani walinong’ona kwamba amefukuzwa. Jumapili alikuwa akiketi nyuma kabisa kanisani, na tulimwona akitoka kabla ya matangazo ili asiulizwe kitu. Mwenzake, waliyesafiri naye kamyo moja, hakungoja. Alihamia shule nyingine na kibali kilekile, akakamatwa katika ukaguzi, akarudishwa mpakani bila mshahara na bila vitabu vyake. Wote wawili walikuwa walimu wazuri. Tuliwafunza wote wawili.

Kwa sababu hiyo, mwaka huu tumeongeza somo moja kwa wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho, nje ya programu. Tunasoma mkataba. Tunauliza: ni nani anayelipa gharama za kibali, na je, atazikata katika mshahara? Ukitaka kuondoka, taarifa ni ya siku ngapi? Pasipoti inakaa kwa nani? Inapaswa kukaa kwako, maana ni mali ya Serikali ya Kongo na umekabidhiwa wewe. Nakala za vyeti na za mkataba ziachwe kwa mtu wa nyumbani anayejua kusoma. Na tarehe ya mwisho wa kibali iandikwe ukutani, kwa sababu anayetaka kuhama anahitaji kuanza miezi kadhaa kabla yake. Wanafunzi wengine huona somo hilo linachosha. Wasichana ndio wanaouliza zaidi, hasa juu ya nyumba wanayopewa na shule: ukiacha kazi, unalala wapi usiku huohuo?

Wazee wa mji huu hawaoni ajabu mwalimu kuvuka mipaka. Baada ya uhuru wa 1960, Wabelgiji walipoondoka kwa wingi na Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu wakawa wachache mno, Umoja wa Mataifa ulitafuta walimu wanaojua Kifaransa, na wengi walitoka Haiti wakikimbia utawala wa Duvalier. Mtengeneza filamu Raoul Peck alikuja Kongo akiwa mtoto kwa sababu wazazi wake walikuwa miongoni mwa Wahaiti hao. Kaka zetu wakubwa, mji wetu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, walijifunza aljebra kwa Mhaiti mmoja aliyevaa tai hata wakati wa joto la Oktoba. Aliwafunza vizuri, hadi mmoja wao akaja kushika darasa lake.

Sheria ile ya Tanzania nayo inataka kitu cha namna hiyo: mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumwandaa mwenyeji atakayeishika kazi. Kijana wetu yuko katika shule ya pili sasa, na kibali chenye jina jipya. Amepewa msaidizi, binti Mtanzania aliyehitimu Kifaransa na asiye na mazoezi ya kutosha ya kukisema, naye anajua kwamba binti huyo anaandaliwa kuchukua nafasi yake. Tulimwuliza kama hilo halimsumbui. Alicheka, akasema binti ana sikio zuri lakini sarufi yake inayumba, kisha akatuomba vile vitabu vyetu vya zamani vya mazoezi tulivyokuwa tukivitumia darasani kwake. Tulivifunga kwa karatasi ya saruji, na mama yake akavipeleka kwa dereva wa kamyo anayekwenda Tunduma.