Pindo, Mji na Jina: Leso na Dirisha la Tarakilishi

Katika mtaa wa Bondeni, kisiwani Mombasa, mwanafunzi mmoja wa uzamili aliandikia tasnifu yake kwenye tarakilishi kuukuu yenye kumbukumbu ya megabaiti 512. Mifumo mipya ilikuwa mizito mno kwa mashine hiyo. Kwa hivyo alitumia Linux pamoja na Openbox, programu nyepesi ambayo kazi yake ni kusimamia madirisha tu: kuyachorea ukingo, kuyapa upau wa jina na kuyahamisha yanapovutwa. Hapakuwa na vivuli wala vimemeto. Nyanyake alipoiona skrini ile ya kijivu aliuliza, "Mjukuu wangu, mbona yako tupu hivi?"

Swali hilo ni zito. Je, usahili wa sura ni dalili ya ufukara, au ni uamuzi wa kisanaa?

Jibu haliko mbali na Bondeni. Katika Mtaa wa Biashara, leso huuzwa doti kwa doti, na kila leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yaliyo chini ya mji. Dirisha la Openbox nalo lina ukingo, eneo la kazi na upau wa jina. Waswahili walikwisha kuugawa mstatili huo na kuzipa sehemu zake majina kabla ya tarakilishi kufika pwani.

Vazi la madirisha ya Openbox huandikwa katika faili ya matini iitwayo themerc: upana wa ukingo, rangi ya upau, rangi ya maandishi. Ibadilishwapo tarakimu moja, madirisha yote hubadilika. Mpangilio wa upau wenyewe ni mfuatano wa herufi, kwa kawaida NLIMC, na L ndiyo jina. Mwanafunzi yule alizifuta zote akabakiza L. Kitufe cha kufunga hakikumpungukia kitu, kwa kuwa Alt na F4 zilitosha.

Kwa nini hakulifuta jina pia? Alikuwa na nakala mbili za sura ya tatu, moja ikiwa na masahihisho ya msimamizi wake. Kwa macho zilifanana. Jina pekee ndilo lililozitenganisha. Usahili, basi, ni kujua kisichoweza kuondolewa.

Yamkini msomaji atapinga kwamba leso imejaa rangi na nakshi, hivyo haifai kuwa kielelezo cha usahili. Ni kweli. Hata hivyo, usahili wa leso umo katika mpango wake. Mchoraji aweza kujaza korosho mjini apendavyo, lakini pindo hubaki pindo na jina hubaki mahali pake.

Mnamo mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya istilahi haikuishia hapo. Anayetafuta neno la ukingo wa dirisha tayari analo pindo. Anayetafuta neno la eneo la kazi anao mji, na muktadha utautofautisha na mji wa kukaliwa. Kabla ya kutafsiri istilahi ya kigeni, mwanafunzi wa Kiswahili na afungue kwanza kasha la leso la nyumbani kwao.