Safari Hii ni ya Nani?

Kabla hujaanza kujibu maswali ya sura hii ya uandishi, nakuomba ukae nami kidogo nikusimulie kosa langu. Si kosa la mwanafunzi. Ni langu mimi mwalimu, niliyezoea kuwasahihisha wengine kwa kalamu nyekundu.

Kaka yangu anaishi Bologna, kaskazini mwa Italia. Mwaka mmoja alijibana akaweka akiba, kisha akaamua kuwaalika watu watatu wakae naye siku kumi na mbili za mwezi Juni. Wa kwanza alikuwa Mama yetu, aliyekuwa na umri wa miaka 68, muumini wa jumuiya asiyekosa sala, na mwenye magoti yanayomsumbua kila apandapo ngazi. Wa pili alikuwa Mjomba, fundi mwashi ambaye mkono wake umo katika nyumba nyingi za mtaa wetu hapa Iringa. Wa tatu alikuwa mpwa wetu, kijana wa miaka 16, ambaye ukimtafuta jioni usihangaike, nenda uwanjani.

“Wewe ndiye mwalimu,” Kaka aliniandikia, “unajua kupanga ratiba. Nipangie safari ya hawa watu.”

Mimi mwenyewe sijawahi kufika Italia, hadi leo. Hata hivyo nilikubali kwa moyo mkunjufu. Nilikaa na ramani na intaneti siku tatu, nikatoka na ratiba ya miji saba: Milano, Venezia, Bologna, Pisa, Firenze, Roma na Napoli. Niliongeza na Pompeii, mji uliofukiwa na mlima Vesuvio mwaka 79, kwa kuwa uko jirani na Napoli na nilidhani si vizuri mtu afike pale asiuone. Nilichora jedwali kwa rula. Nilipomaliza nilijiona bingwa.

Mama aliisoma akiwa jikoni, miwani ikiwa imemshukia puani. Aliisoma taratibu hadi mwisho, akaikunja.

“Mwanangu, umeandika vizuri. Lakini safari hii ni ya nani?”

“Yenu, Mama.”

“Sasa mbona Konsolata simwoni humu?”

Nilinyamaza. Pale sebuleni kwetu, juu ya kabati la vyombo, kuna picha ya Bikira Maria Konsolata ambayo nimeiona tangu nikiwa mtoto. Wamisionari wa Konsolata walifika Iringa mwaka 1919, na bibi yangu alibatizwa kwao. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Torino na padri Giuseppe Allamano, aliyekuwa mlezi wa kanisa la hija ambamo picha yenyewe ya Konsolata imetundikwa. Mwaka 2024 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu. Mama alikuwa amesali mbele ya nakala ya picha ile maisha yake yote. Mimi, mwanawe, nilikuwa nimempangia siku kumi na mbili katika nchi hiyohiyo, na Torino haikuwamo.

Kwa nini haikuwamo? Kwa sababu nilinakili orodha ya miji ambayo kila mtalii huitaja. Nilijibu swali la watu wengine. Ndilo kosa ambalo kila mwaka huliandikia maneno mawili pembeni mwa karatasi zenu: hujajibu swali.

Niliichana ile ratiba na kuanza upya. Safari hii sikuanza na ramani. Niliwaendea wasafiri mmoja mmoja nikiwa na daftari, nikawauliza maswali mawili tu. La kwanza: ni kitu gani ukirudi hujakiona utajuta? La pili: mwili wako unaweza nini kwa siku?

Mama alijibu la kwanza kwa maneno mawili, “Konsolata, basi,” kisha akafikiri na kuongeza, “na kwa Mtakatifu Petro.” La pili alilijibu kwa kugusa goti. Mjomba alisema hataki makumbusho ya kumsimamisha mbele ya picha mia. Anataka kuona jengo moja gumu na aelezwe lilijengwaje. Mpwa alisema uwanja wa mpira, uwanja wowote mkubwa, na kwamba mwili wake unaweza chochote.

Nilipoyaweka majibu hayo mezani, ramani ilianza kujipanga yenyewe. Napoli na Pompeii ziliondoka, kwani hakuna aliyeziomba. Venezia iliniuma kuiondoa, maana ni mji uliojengwa juu ya maji. Lakini mji huo una madaraja zaidi ya 400, na mengi yana ngazi za kupanda na kushuka. Kwa magoti ya Mama, huo si mji wa kufikia na kuondoka siku hiyohiyo.

Bologna ikawa nyumbani. Hilo nililidharau mwanzoni, kumbe ndilo lililokuwa la maana kuliko yote: kulala kitanda kimoja siku nyingi, kufua nguo, na kupika ugali mtu akiutamani. Tena mji huo una vibaraza vyenye paa pembeni mwa barabara zake, takribani kilometa 62 ukivijumlisha vyote, na mwaka 2021 viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mzee anaweza kutembea humo bila kuchomwa na jua wala kulowa mvua, na akichoka anaegemea nguzo.

Mjomba nilimpa Firenze, dakika kama arobaini kutoka Bologna kwa treni ya mwendo kasi. Pale kuna kuba la kanisa kuu, kazi ya Filippo Brunelleschi, lililojengwa kati ya mwaka 1420 na 1436. Mafundi wake walipandisha matofali bila jukwaa la mbao la kulishikilia kuba kutoka chini. Waliyapanga kwa mshazari, mfano wa mifupa ya samaki, ili kila safu ijishikilie yenyewe. Ngazi za kufika juu ni 463, na hakuna lifti. Niliandika hivyo wazi katika ratiba: Mjomba na mpwa wapande, Mama na Kaka wakae ndani ya kanisa, wakutane mlangoni. Familia kusafiri pamoja haina maana ya kukanyaga kila ngazi pamoja.

Roma niliipa siku tatu, nikahakikisha Jumatano imo, kwa kuwa asubuhi ya siku hiyo Papa anapokuwapo Roma huwapokea mahujaji, na tiketi zake hazilipiwi. Kwenye kuba la Mtakatifu Petro kuna ngazi 551 kwa asiyetumia lifti, na hata lifti haifiki kileleni, hapo niliandika “Mama asipande.” Niliwakumbusha kufunika mabega na magoti, la sivyo walinzi wa kanisa watawazuia. Niliwaandikia pia wabebe chupa tupu, maana Roma ina mabomba mengi ya barabarani yanayotoa maji safi ya kunywa bila malipo.

Siku za mwisho nilizipeleka Torino, na hapa ndipo nilipopata zawadi ambayo sikuitafuta. Sikukuu ya Konsolata huadhimishwa tarehe 20 Juni, na jioni yake sanamu ya Bikira hupitishwa mitaani kwa maandamano. Mji huohuo ndiko iliko klabu ya Juventus, yenye uwanja uliofunguliwa mwaka 2011 ambao mtu anaweza kutembezwa ndani. Na mkabala na kanisa la Konsolata kuna mkahawa mdogo uliopo tangu mwaka 1763, unaouza kinywaji cha kahawa, chokoleti na maziwa mazito katika glasi ndogo. Mji mmoja ukawa na la Mama, la mpwa, na mahali pa kukaa kwa anayesubiri. Katika ratiba ya kwanza niliuruka mji huo kama usiokuwepo.

Nisikudanganye kwamba ratiba ya pili haikuwa na kasoro. Niliwapangia Firenze siku ya Jumatatu. Mpwa alikuwa amekwisha kupenda wazo la kuiona sanamu ya Daudi, aliyoichonga Michelangelo kati ya mwaka 1501 na 1504, nami nikaiandika baada ya chakula cha mchana. Jumba inamohifadhiwa hufungwa Jumatatu. Walifika mlangoni wakaukuta umefungwa. Kaka aliwapeleka uwanja wa mbele ya jumba la zamani la serikali ya mji, ambako kuna nakala yake imesimama nje, wakapiga picha. Mpwa hakulalamika, lakini mimi nilipopata habari niliumia. Nilikuwa nimekagua treni na malazi, nikaacha kukagua siku za wiki. Kusoma kazi yako mara ya mwisho kabla ya kuikabidhi si mapambo.

Mimi nilibaki Iringa. Darasa langu la kidato cha nne lilikuwa linajiandaa na mtihani wa majaribio, na karatasi zilinisubiri. Usiku wa tarehe 20 Juni, yapata saa nne, simu iliita nikiwa katikati ya kusahihisha. Torino ilikuwa saa tatu. Nyuma ya sauti ya Mama nilisikia watu wengi wakiimba kwa lugha nisiyoijua.

“Umekaa, Mama?” Ndilo swali la kwanza lililonitoka.

“Nimekaa. Mjukuu wangu amenibebea kiti cha kukunja tangu tulikofikia. Amekataa Mjomba wake amsaidie.”

Kisha akasema, “Mwanangu, huyo anakuja. Anapita.”

Hakusema tena. Hakukata simu. Nilikaa kimya, kalamu mkononi, nikasikiliza nyimbo zikisogea karibu, zikapita, zikaanza kufifia.

Mtahiniwa wangu, huenda Italia usifike kamwe, kama nilivyo mimi. Lakini chumba cha mtihani utafika. Utapewa karatasi, na ndani yake kutakuwa na swali lililoulizwa na mtu fulani, linalotaka jambo fulani. Utakuwa na mengi kichwani, mazuri, uliyoyasoma kwa taabu, na utatamani kuyaandika yote ili ionekane hukulala. Usifanye hivyo. Weka kalamu chini dakika mbili, soma swali mara ya pili, na ujiulize anayeuliza anataka nini hasa. Ukishajua, utaona hoja nyingi zinajiondoa zenyewe, kama Napoli ilivyojiondoa. Zitakazobaki zitakutosha kujaza kurasa.

Na ukipata muda mwishoni, angalia Jumatatu zako.

Nakutakia maandalizi mema.

Jipime

1. Eleza kwa nini ratiba ya kwanza ya mwandishi ilikataliwa ingawa iliandikwa vizuri. Toa hoja mbili.
2. Mwandishi ana maana gani anaposema “angalia Jumatatu zako”?
3. Wageni watatu wanakuja kutembelea mkoa wako kwa siku nne: mzee mstaafu, mwanafunzi wa chuo na mtoto wa miaka tisa. Andika insha isiyopungua maneno 250 ukionesha jinsi utakavyopanga safari yao. Anza kwa kuandika nini kila mmoja angejuta kukikosa.